Jina Chini ya Wimbo

Jumapili moja hapa Nzuguni kwaya iliimba "Mfurahini, Haleluya". Baada ya ibada nilimuuliza kijana mmoja wa sauti ya tatu ni nani aliyeutunga wimbo ule. Akajibu bila kusita: "Ni wa Wazungu, Mwalimu."

Sivyo. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Mtanzania, Bernard Kyamanywa, aliyesomea uchungaji katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, karibu na Arusha. Mahadhi yake pia ni ya Tanzania. Wazungu waliupokea kutoka kwetu.

Mmoja wa waliupokea ni Ulrich Leupold, mpiga kinanda na msomi wa historia ya muziki, aliyezaliwa Berlin mwaka 1909. Mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Chini ya utawala wa Wanazi hilo lilitosha kumfungia mtu milango. Mwaka 1938 aliihama nchi yake. Baadaye, huko Waterloo, Kanada, alifundisha wachungaji, akaongoza kwaya, na mwaka 1965 likatoka juzuu alilolihariri la nyimbo na maandiko ya ibada ya Martin Luther kwa Kiingereza.

Msomi wa namna hiyo angeweza kuamini kwamba muziki wa Kiprotestanti ulianzia na kukomea Ujerumani. Leupold hakuamini hivyo. Mwaka 1969, mwaka mmoja kabla ya kufariki, aliandika wimbo wa Pasaka kwa Kijerumani akiufuata ule wa Kyamanywa. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, na jina la Kyamanywa limetajwa.

Mara nyingi tunalalamika kwamba urithi wetu umeporwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini hapa mgeni aliyefukuzwa kwao amelihifadhi jina ambalo sisi wenyewe tumelisahau. Ni vitabu vingapi vya kwaya zetu vinavyotaja mtunzi? Ni ofisi ngapi za utamaduni zenye orodha ya watunzi wa wilaya yake? Muheme wa akina mama wa Kigogo tunaushangilia kwenye sherehe, kisha hatuulizi nani kautunga wimbo.

Wanafunzi wangu, anzeni na kwaya za mitaani kwenu. Ulizeni, andikeni. Yule kijana nilimtajia jina. Akaniomba nimwandikie kwenye daftari lake la nyimbo.