Utunzaji wa Mitambo ya Zamani ya Kupasha Maji kwa Jua Pwani ya Sudi

Mtambo wa kupasha maji kwa nishati ya jua ukitunzwa vizuri huweza kutumika kwa miaka 20 au zaidi. Hata hivyo, katika Sudi na maeneo mengine ya pwani ya Mkoa wa Lindi, upepo wa chumvi na maji ya visima yenye chokaa huweza kuuchakaza mapema. Wamiliki wa makazi, nyumba za kulala wageni na zahanati wanashauriwa kuutambua uchakavu huo kabla haujawa hatari.

Namna unavyofanya kazi

Mitambo mingi ya zamani haina pampu. Maji yanayopashwa ndani ya paneli nyeusi yenye kioo huwa mepesi, hupanda kwenye tangi lililo juu yake, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Kwa kuwa Sudi iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini. Maji yakipoa kuliko kawaida, kwanza ikaguliwe kama mwembe au mnazi uliokua baadaye unatia kivuli.

Ukaguzi wa kila mwaka

• Kioo kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, asubuhi kabla ya jua kali, kwani maji baridi huweza kupasua kioo chenye joto.
• Boliti na fremu zikaguliwe kutu. Bomba la shaba lisiunganishwe moja kwa moja na la chuma cha mabati, kwa kuwa chuma huliwa haraka.
• Fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi lenyewe, ibadilishwe kabla haijaisha.
• Maji yakitoka kwa shida au yakiwa vuguvugu ilhali jua ni kali, huenda kuna ukoko wa chokaa. Fundi huuyeyusha kwa asidi hafifu, kisha husuuza mtambo.

Usalama

Vali ya usalama iliyoziba huweza kusababisha tangi kupasuka. Kamwe isizibwe kwa sababu inadondosha maji. Maji ya tangi yafikie nyuzi joto 60 ili kuua bakteria wa legionela wanaosababisha homa ya mapafu. Kwa kuwa joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, yachanganywe na maji baridi kabla ya kumfikia mtoto, mzee au mgonjwa.

Kabla ya matengenezo, paneli ifunikwe, umeme wa akiba uzimwe, maji yafungwe na mtambo uachwe upoe.

Kutengeneza au kubadilisha

Gasketi, vali na fimbo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko mtambo mpya. Tangi linalovuja kwenye mwili wake halifai kuzibwa, libadilishwe. Wananchi watumie mafundi waliopata mafunzo na vifaa vilivyothibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na watunze kumbukumbu ya kila matengenezo.