Mkono Shavuni

Watu wengi wanadhani ugomvi wa dereva na trafiki ulianza juzi, ulipokuja msongamano wa magari ya mitumba mijini mwetu. Sivyo, ndugu msikilizaji. Ugomvi huo una umri sawa na gari lenyewe. Tarehe 28 Januari 1896, katika kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita na gari lake mbele ya nyumba ya polisi. Polisi alikuwa mezani anakula. Akaacha chakula chake, akarukia baiskeli, akamfukuza kwa kiasi cha maili tano mpaka akamtia mkononi. Kosa lake lilikuwa kwenda maili nane kwa saa mahali ambapo mwisho uliowekwa ni maili mbili. Maili nane ni kama kilometa 13. Muuza mkaa wa mjini kwetu, akiwa na magunia mawili nyuma ya baiskeli na mteremko mbele, angeshitakiwa kila asubuhi. Kwa mwendo huo Arnold alitozwa shilingi moja na gharama za kesi.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho, na kweli inachekesha. Lakini mimi kila nikiisoma hujiuliza jambo jingine kabisa. Yule polisi alijuaje kwamba ni maili nane? Hakuwa na kipimo. Alikuwa na macho yake, na miguu yake juu ya baiskeli. Mahakama ikaona inatosha.

Waingereza wenyewe walikuja kuona kwamba haitoshi. Mwaka 1903 bunge lao lilipitisha sheria mpya ya magari. Ndiyo iliyoleta namba za magari, ambazo zilianza kutumika mwanzoni mwa 1904, na ndiyo iliyopandisha mwendo mpaka maili 20, yaani kama kilometa 32 kwa saa. Wabunge wengi wa wakati ule walikuwa watu wa farasi, na magari waliyachukia. Hata hivyo, ndani ya sheria hiyo waliweka maneno machache ambayo naona ni ya busara sana: kwamba mtu asitiwe hatiani kwa kuvuka mwendo huo kwa sababu tu shahidi mmoja ana maoni kwamba alikuwa anakwenda kasi. Shahidi mmoja na maoni yake, basi. Alitakiwa shahidi wa pili, au kipimo.

Matokeo yake polisi wakaingia vichakani. Walipima kipande cha barabara, askari mmoja akajificha mwanzo na mwingine mwisho, saa mkononi. Gari likipita kwa wa kwanza, anatoa ishara; likifika kwa wa pili, saa inasimamishwa, hesabu inapigwa. Madereva wakalalamika kwamba saa za polisi ni mbovu na hesabu zao mbovu zaidi. Mwaka 1905 wakaunda chama chao, Automobile Association, wakaajiri vijana wa baiskeli kuzunguka barabarani na kuwaonya wenye magari kwamba mbele kuna mtego. Sisi hapa hatuna haja ya chama. Dereva anayetoka mbele anakuwashia taa mara mbili na kila mtu ameelewa. Mwaka 1910 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kumwonya dereva ambaye tayari anakwenda kasi ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama kikabuni njia nyingine. Kijana wa baiskeli alikuwa akimpigia saluti kila mwanachama anayepita. Wanachama wakaambiwa: siku usipopigiwa saluti, simama umuulize kwa nini. Sasa ni sheria gani itamshitaki mtu kwa kutopiga saluti?

Kanuni ile ya shahidi mmoja haikubaki Uingereza. Ilisafiri na sheria zao mpaka makoloni, na mpaka leo imo katika Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403. Ukishitakiwa kwa mwendo wa kasi, hutiwi hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake. Ndiyo maana polisi wa nchi nyingi walizikimbilia mashine. Huko Marekani, polisi wa jimbo la Connecticut walianza kuijaribu rada ya kupimia mwendo mwaka 1947. Likumbuke jina la jimbo hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye simu. Kijana wa leo anaona simu na gari ni maadui wawili waliokutana kwa bahati mbaya. Kihistoria simu ya kutembea nayo ilianzia ndani ya gari. Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis, Marekani, huduma ya simu za magari ilianza kuuzwa kwa wateja. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 36, ukakaa kwenye buti, na mkono wa kuongelea ukawa karibu na usukani. Ulimpigia kwanza opereta, naye ndiye akakuunganisha. Simu ya kushikwa mkononi ilikuja baadaye sana. Martin Cooper wa Motorola alipiga ya kwanza akiwa mtaani New York tarehe 3 Aprili 1973, na madukani ilifika mwaka 1983 kwa dola 3,995. Kwa hiyo watu walikuwa wakiongea na simu nyuma ya usukani kwa zaidi ya robo karne kabla ya mtu kuongea nayo kituo cha basi, na iliuzwa kwa matangazo ya kumsifu mwenye gari. Hata hii redio unayonisikiliza, kama uko garini, haikukaribishwa kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na watu Marekani waliotaka ipigwe marufuku ndani ya magari, kwamba itampumbaza dereva. Natumaini sijakupumbaza.

Sheria dhidi ya simu zilikuja baada ya simu kushuka bei na kufika kwa kila mtu, na sababu yake ilikuwa nzito. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wenye simu waliokuwa wamepata ajali. Walilinganisha saa ya ajali na kumbukumbu za simu zao. Wakaona kwamba hatari ya kugonga huwa karibu mara nne dereva anapoongea na simu, kiasi wanachokifananisha na mtu aliyekunywa pombe mpaka mpaka wa sheria. Tena hawakuona kwamba simu isiyoshikwa mkononi ni salama zaidi. Jimbo la New York likakataza simu ya mkononi mwaka 2001, Uingereza tarehe 1 Desemba 2003. Kenya, katika kanuni zake za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, ikaweka faini ya shilingi 2,000. Sina ugomvi na hata moja ya sheria hizi. Nimekwisha kuona dereva wa basi la abiria akicheka na simu kwenye kona ya mlima, na sikulala vizuri usiku ule.

Ila wakati wa kuzitunga, ile busara ya 1903 iliachwa mlangoni. Kwa mwendo wa kasi, jicho la askari mmoja halitoshi. Kwa simu linatosha. Mantiki ya watunga sheria naifahamu: mwendo ni jambo la kukadiria, simu ni kitu cha kuonekana. Lakini hebu fikiri askari anaona nini hasa. Gari linapita, kioo kina mwanga wa jua, kitambo chote ni sekunde mbili. Hakuona simu. Aliona mkono ulioinuliwa kichwani. Simu ameiongeza mwenyewe, na hilo nalo ni kukadiria.

Yalinikuta mimi. Mji sitautaja, wala yule kijana sitamtaja. Nilikuwa na jino la nyuma linalouma usiku kucha, nikaamka kwenda kazini huku nimelishika shavu kwa kiganja cha kulia na kuendesha kwa cha kushoto. Mkono mweupe ukanyooshwa, nikasimama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, afande.”

“Mzee wangu, mtu mzima kama wewe unaongea na simu huku unaendesha?”

“Siongei na simu, mwanangu. Jino linaniuma.”

“Nimekuona kwa macho yangu.”

“Umeuona mkono.”

Nikamwambia simu yangu imo ndani ya mkoba, mkoba uko kwenye buti, na tangu jana haina chaji. Tukaenda nyuma pamoja, nikafungua, nikaitoa, nikaibonyeza mbele yake. Kioo cheusi. Aliitazama, akanitazama, akasema kwa upole kabisa, “Mzee, hiyo ni ya pili.”

Hapo nilinyamaza. Utathibitishaje kwamba huna simu nyingine? Kwa haki yake niseme kwamba hakuomba chai wala hakunitolea lugha chafu. Aliamini alichokiona. Akaniambia kama sikubali kosa, niende mahakamani nikajieleze, ni haki yangu. Ilikuwa haki yangu kweli. Lakini nilipiga hesabu ya siku: kwenda kusomewa, kuambiwa nirudi tarehe nyingine, shahidi asipofika nirudi tena. Faini ilikuwa ndogo kuliko mshahara wa siku hizo. Nikalipa nikiwa nimesema wazi kwamba kosa sikulifanya, nikapewa stakabadhi. Kesho yake jino liling'olewa, na stakabadhi ya daktari wa meno ninayo pia, katika bahasha ileile. Ya pili hakuna aliyewahi kuiuliza.

Hesabu niliyoipiga mimi kando ya barabara hupigwa kila siku na watu wengi, na ndiyo inayofanya makosa ya jicho la askari yasijulikane ni mangapi. Faini ikiwa ndogo, kukiri ni rahisi kuliko kuwa na haki. Anayelipa anahesabiwa mkosaji, na mwisho wa mwaka idadi inasomwa kama ushahidi kwamba macho yaliona sawasawa.

Mara moja moja hutokea mtu anayekataa. Tarehe 11 Aprili 2018, mjini Westport, katika jimbo lilelile la Connecticut, dereva mmoja alisimamishwa na polisi na kuandikiwa faini ya dola 300. Askari alisema alimwona ameshika kitu kinachofanana na simu karibu na uso huku midomo ikitembea. Dereva akasema midomo ilitembea kwa sababu alikuwa anatafuna. Alikuwa ametoka McDonald's, na alichoshika kilikuwa andazi la viazi, vile viazi vya kukwangua vinavyobanwa pamoja na kukaangwa mpaka vikawa kipande cha bapa, kirefu kidogo, chenye ukubwa wa kuenea kiganjani. Ukikitazama kwa mbali, umbo lake ni la simu. Gari lake lilikuwa na mtambo wa kuongea bila kushika, na kumbukumbu za simu zilionyesha kwamba dakika ile hakuwa na mazungumzo yoyote. Hata hivyo mara ya kwanza alionekana ana hatia. Hakukubali, akaomba kesi isikilizwe tena mbele ya jaji, akaajiri wakili, akadai apewe kumbukumbu za kazi za polisi. Zikaonyesha kwamba askari yule alikuwa karibu anamaliza zamu mbili mfululizo, saa 16. Aprili 2019 jaji akasema upande wa mashitaka haukuthibitisha kosa bila shaka ya kutosha, akamwachia. Kwa faini ya dola 300 mtu huyo alikosa siku nne za kazi na kumlipa wakili fedha nyingi zaidi ya hizo. Magazeti yalicheka sana, na mimi nilicheka. Kisha nikafikiria ile bahasha yangu.

London nako kulizuka swali la namna nyingine. Dereva mmoja mwaka 2017 alipita penye ajali akaipiga picha za video kwa simu. Kwamba alishika simu hakuna aliyebisha. Wakili wake akasoma sheria vizuri na kuonyesha kwamba kilichokatazwa ni kuitumia kwa mawasiliano, na kupiga picha si kuwasiliana na mtu. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2019, ikisema pia kwamba haikubali kwamba tendo lenyewe ni salama. Serikali ikaurekebisha mwanya huo kuanzia tarehe 25 Machi 2022. Ukilinganisha kesi hizi mbili, mwenye simu mkononi na mwenye kiazi mkononi wote walishinda, lakini sheria iliandikwa upya kwa ajili ya mwenye simu tu.

Siku hizi baadhi ya nchi zinasema dawa ni kumwondoa askari, kama rada ilivyoondoa saa za vichakani. Jimbo la New South Wales huko Australia lilifunga kamera za kukamata simu barabarani Desemba 2019. Kamera inapiga picha kutoka juu, kompyuta inachagua zinazotiliwa shaka, kisha mtu anazitazama kabla barua haijatumwa. Kamera haichoki kwa zamu ya saa 16, hilo nakubali. Lakini rada inapima mwendo, na kamera haipimi simu. Inatazama mkono na kukisia, kama alivyofanya kijana aliyenisimamisha. Uholanzi nako zipo kamera za namna hiyo, na miaka michache iliyopita dereva mmoja huko alitumiwa barua ya faini ya euro 380 kwa kuongea na simu. Akaomba aonyeshwe picha. Ilimwonyesha ameinua mkono na kujikuna kichwa, kiganjani hamna kitu. Picha hiyo, kabla ya kutumwa, ilikuwa imetazamwa na binadamu pia, naye akaiona simu.