Uuguzi wa Watoto Wenye Ulemavu katika Ufipa

Leo twapenda kunena habari za kuwauguza watoto wenye ulemavu katika nchi ya Ufipa. Wazee wetu waliwaita vilema. Jina hilo lamweka mtoto katika ngeli moja na kiti na kikapu, nasi walimu hatulipendi.

Habari yaanza chini ya uwanda wetu, huko Karema, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Mwaka 1889 alifika hapo Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger. Aliibwa utotoni akauzwa, Mapadri Weupe wakamkomboa Aljeria, wakampeleka Malta kujifunza utabibu. Akawatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956. Mjini Sumbawanga hospitali moja yaitwa kwa jina lake.

Zamani zake, hata Ulaya, mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopindia ndani mara nyingi alipasuliwa, akakua na mguu mgumu wenye maumivu. Katika miaka ya 1940 Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyekuwa Iowa, Marekani, alianza njia nyingine. Mguu hunyoshwa taratibu kwa mikono, ukafungwa plasta, ile iitwayo hogo, nayo hubadilishwa kila juma, kwa kawaida mara 5 hata 8. Kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, na mtoto huvaa viatu vilivyoungwa kwa upau: miezi 3 usiku na mchana, halafu wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka 4 au 5. Hapo ndipo wazazi wengi huchoka. Mguu waonekana mzuri, viatu vyatupwa darini, na mguu hurudi kupinda. Tena yafaa kazi hii ianze katika majuma ya kwanza ya uhai; mama aliye mbali, naye ni majira ya kufukia nyasi katika matuta, atachagua shamba au hospitali?

Ugonjwa wa polio nao umelemaza wengi. Mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeushinda. Lakini mwaka 2023 mtoto mmoja wa mkoa wetu wa Rukwa alionekana anao, wa aina itokanayo na kirusi cha chanjo kilichogeuka, kikaenea kwa watoto wasiochanjwa. Septemba ya mwaka huo wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa 6, wakiwatafuta watoto wote wasiotimiza miaka 8, hata waliokuwa wamelala vyumba vya ndani.