Noti ya Msituni
Peso 1, Mindanao, Ufilipino, 1943. Karatasi na wino.

Itazame kwa karibu: karatasi ya kawaida, nambari, na sahihi za wajumbe wa Bodi ya Fedha ya Dharura ya Mindanao. Ilitolewa kisiwa kikiwa kimekaliwa na jeshi la Japani. Mkulima aliyekuwa nayo alihatarisha maisha yake. Hata hivyo aliipokea, akawauzia wapiganaji wa msituni chakula.

Kiongozi wao alikuwa Wendell Fertig, mhandisi wa migodi kutoka Colorado, Marekani, afisa wa akiba aliyeitwa jeshini mwaka 1941. Mei 1942 wakubwa wake waliposalimu amri, yeye alikataa. Alijivika cheo cha jenerali ili asikilizwe, akaanza kuunganisha vikosi vilivyotawanyika milimani.

Walitumia walichokuwa nacho. Fimbo za mapazia zilikatwa zikawa risasi. Pombe ya mnazi ilikenekwa ikaendesha magari. Waya wa seng'enge ulipitisha ujumbe wa simu, ukishikiliwa na chupa za soda. Redio iliyoungwa kwa vipuri vya sinema ilisikika Marekani mapema 1943, kisha nyambizi zikaleta silaha na dawa.

Kufikia 1945 wapiganaji walikuwa takriban 36,000, karibu wote Wafilipino.

Noti hii imetunzwa kwa heshima ya wanakijiji walioiamini. Bila shamba na jiko lao, msitu usingepigana.