Kisimayu: Mji wa Jirani Zetu

Ukitoka Ijara ukapita Hulugho na kuvuka mpaka, uko Jubaland, na mji mkubwa wa huko ni bandari ya Kisimayu. Vijana wengi tunaujua kwa habari za vita tu. Hebu tuangalie ulikotoka.

Wengi husema jina lake ni la Kibajuni, yaani "kisima cha juu". Wavuvi Wabajuni, wafugaji Wasomali na wafanyabiashara Waarabu waliishi pale pamoja. Kuanzia 1895 Waingereza walitawala Jubaland na Kenya kama nchi moja. Mwaka 1925 wakawapa Waitalia Jubaland, malipo ya kupigana upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndipo ndugu wa ukoo mmoja wakawa wageni, wala hawakuulizwa.

Baada ya uhuru wa 1960 mji ulikua. Ulipata bandari mpya, na kiwanda cha nyama pia. Lakini Januari 1991 Siad Barre aliangushwa Mogadishu, na viongozi wakaanza kuwagawa watu kwa koo. Kanali Omar Jess na Jenerali Morgan waligombea Kisimayu, na 1993 Morgan akauteka. Mwaka 1999 akafukuzwa na vikosi vya Barre Hiiraale. Mahakama za Kiislamu zikaingia 2006, Al-Shabaab 2008, kisha 2012 wanajeshi wa Kenya na washirika wao Wasomali.

Je, ndugu yangu, umeona? Kila aliyeingia alikuja na jina lake. Lakini waliokimbia walikuwa walewale: mvuvi, mchungaji, mama na watoto wake. Wabajuni walipanda majahazi hadi Lamu na Mombasa. Wengine walitembea hadi Liboi, na kambi za Dadaab zikafunguliwa 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Baadaye zikajaa mara kadhaa ya hapo.

Sisi pia tusijione mbali. Wazee wetu wanavikumbuka vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, watu walipofungiwa vijijini na mifugo yao kuangamia.

Basi mwezi huu, ukikaa na jirani aliyetoka Kisimayu, mpe tende, na umuulize habari za mji wao. Usianze kwa kumuuliza ukoo wake. Kwa swali hilo watu waligawanywa, na mji ukavunjika.

Ramadhan Karim.