Kwa Nini Dawa za VVU Hutumika Maisha Yote

Virusi vya Ukimwi (VVU) ni vya kundi la retrovirusi, ambavyo hubeba taarifa zake za urithi katika RNA badala ya DNA. Hujishikiza kwenye kipokezi cha CD4 kilicho juu ya seli za kinga, kisha huingia ndani. Humo, kimeng'enya maalumu hunakili RNA hiyo kuwa DNA. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa utafiti wake. Kimeng'enya kingine, integrasi, hukata DNA ya seli na kupachika humo ile ya virusi. Tangu hapo, seli hufuata maelekezo ya virusi kana kwamba ni yake yenyewe.

Baadhi ya seli hizo hukaa kimya kwa miaka mingi. Dawa za kufubaza VVU, ikiwemo dolutegravir inayozuia integrasi, hukinga seli mpya zisiambukizwe, lakini haziondoi DNA iliyokwisha kupachikwa. Mtu akiacha dawa, virusi huanza tena kuzaliana, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Kwa sababu hiyo, watumiaji wanashauriwa kutokatiza dawa, hata kipimo kinapoonesha kuwa virusi havionekani katika damu.