Kwa Nini Matatu Zilisubiri Buluu

Leo tuache programu kidogo, tuongee stima ya gari. Simama steji ya Kericho saa moja jioni, ukungu umeshuka, uangalie matatu za Litein na Bomet zikipakia: dari buluu, chini ya viti zambarau. Unaweza kudhani ni urembo tu, lakini rangi hizo zina historia, na zina hesabu.

Matatu ziliruhusiwa rasmi na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973. Enzi hizo mwanga wa gari ulikuwa balbu ya kawaida, inayogeuza stima nyingi kuwa joto. Balbu kumi za wati 5 ni wati 50. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 4 na ushei. Ziache usiku kucha, asubuhi mnasukuma gari.

LED nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak wa General Electric mwaka 1962. Njano na kijani zikafuata, ila buluu ikagoma. Nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, buluu inataka kama 3, na fuwele yake, galiamu nitridi, ilikuwa shida kutengeneza. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya walifungua njia miaka ya 1980, kisha mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia akatoa buluu kali. Bila buluu hakuna zambarau. Hata LED nyeupe kwa kawaida ni buluu iliyofunikwa unga unaotoa mwanga wa njano.

Huku kwetu, sheria za waziri John Michuki zilianza Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Michoro mingi ikafutwa. Mwaka 2014 wanasayansi hao watatu walipata tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta akawaambia polisi waache kusumbua matatu zenye michoro. Urembo ukarudi, safari hii na LED.

Sasa hesabu. Ukanda wa volti 12 una LED tatu mfululizo na rezista. LED hula volti 9, rezista hubeba 3. Injini ikiwaka, volti hufika 14, rezista inabeba 5, na mkondo unapanda sana. Ndiyo maana kanda za bei rahisi huungua mapema.

Mabasi makubwa yana betri mbili, jumla volti 24. Fundi akivuta waya kwenye betri moja tu, hiyo huchoka na mwenzake huchajiwa kupita kiasi. Tumia kipunguza volti.

Kubwa zaidi ni fyuzi. Hailindi taa, inalinda waya. Ukanda wa ampia 2 unatosha fyuzi ya 3, karibu kabisa na betri. Bila hiyo, waya ukichubuka na kugusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampia. Huo ni moto, ndani ya gari la watu 14 na mlango mmoja wa abiria. Na mvua ya Kericho haina msimu: maungio yachomwe kwa risasi na kufunikwa vizuri, si kuzungushiwa selotepu.

Fizikia ilichukua miaka 31 kutuletea buluu. Fyuzi ni kazi ya dakika kumi. Je, gari unalopanda kila siku linayo? Muulize dereva kesho.